Jumanne ya Makusudi

Msibani Boko, kila aliyeshika kipaza sauti kumzungumzia shemeji Hamza alimsifu kwa neno lile lile: mipango. Mzee mmoja aliyefanya naye kazi ya ukarani akasema marehemu alikuwa mtu wa mipango. Imamu akasema vijana waige mipango yake. Hata jirani ambaye nina hakika hakuwahi kukaribishwa chai ndani ya ile nyumba akasema, mkitaka kujua mipango ni kitu gani, tazameni ukuta huu. Mie nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu upande wa uani, kanga nimeivuta hadi kwenye paji la uso, na kila neno hilo likitajwa niliivuta zaidi, na sikuwa nalia. Nilikwenda kumlilia mtu aliyenilisha mwaka mzima nikiwa na miaka ishirini, asininyime tonge hata siku moja, na nilichokuwa nacho kifuani ni hasira. Dada Eshe, mke wake, mtoto wa mama yangu mkubwa, alikuwa ndani amekaa juu ya godoro, uso mkavu, anapokea mikono ya watu. Nilipoinama kumshika akaninong'oneza, "Umekula, Mwaju?" Basi. Mume kazikwa mchana ule, na yeye ananiuliza kama nimekula.

Nilirudi kwangu Kigamboni bado nimenuna. Binti yangu Nasra alikuwa amekuja kunipokea, akanitengenezea chai ya tangawizi, akakaa mbele yangu, na kwa kuwa alitaka kunitoa mawazo akaanza kunisimulia semina waliyofanyiwa kazini kwao. Alikuwa na hamasa kwelikweli. "Mama, unajua tatizo letu sie ni nini? Hatuishi kwa makusudi. Mtu anaamka, anakula, analala, mwaka umekatika. Inatakiwa uwe na lengo, kila unachofanya kikupeleke kwenye lengo." Nilicheka, kicheko kibaya, mpaka akaniuliza kama niko sawa. Ningemwelezaje? Sijawahi kumjua binadamu mwenye lengo kumshinda shemeji Hamza. Alilala nalo, akaamka nalo, akala nalo dagaa. Na sijawahi kumjua mtu aliyeishi kidogo kama yeye. Halafu hilo neno lenyewe. Kwetu sie watu wa Pwani, makusudi halikuwa neno la semina, lilikuwa neno la ugomvi. Mtoto akivunja kikombe anaulizwa, umefanya makusudi? Mke akichelewesha futari, unanifanyia makusudi? Nimelisikia likisemwa kwa namna nyingine mara moja tu maishani mwangu, siku ya Jumanne, mwaka niliokaa kwa dada Eshe, na tangu nirudi kutoka msibani Jumanne ile haijaniacha.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili Temeke, katika nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, vyumba kushoto na kulia, choo na majiko uani. Chumba kimoja walilala wao. Cha pili kiliitwa sebule na humo ndimo nilimolala mie, ingawa kukiita sebule ilikuwa kukisingizia. Lilikuwa ghala. Seti nzima ya makochi ya mninga, kazi ya mafundi wa Keko, ilipangwa moja juu ya jingine, imevikwa nailoni na kufungwa kamba. Meza ya chakula ya watu sita ilisimamishwa kwa ubavu ukutani, nayo imevikwa nailoni, miguu imetokeza kama ya ng'ombe aliyelazwa kuchinjwa, na viti vyake vilipandishwa juu ya kabati. Ndani ya kabati mlikuwa na sahani za udongo na glasi, zimezungushiwa magazeti mpaka magazeti yamegeuka rangi. Kulikuwa na boksi la mapazia. Kulikuwa na boksi la feni. Kulikuwa hata na kengele ya mlangoni, ile ya kubonyeza, katika nyumba ambayo mlango wake wa mbele haukufungwa kutwa na mtu akija anapiga hodi akiwa ameshafika katikati ya korido. Vyote hivyo vilikuwa vya Boko, kwenye nyumba waliyokuwa wanaijenga. Ndivyo tulivyovitaja: meza ya Boko, feni la Boko, glasi za Boko, kana kwamba Boko ni mheshimiwa fulani yuko safarini na sie ni watunza mizigo yake. Godoro langu nililitandika kwenye uchochoro uliobaki kati ya makochi na meza, na mwaka ule wote miguu yangu haikukosa alama ya kujigonga.

Chakula tulikula chini, mkekani, kwenye chumba chao, magoti yakigusana kwa kubanana. Dada Eshe alikuwa mpishi wa kutafutwa. Wakati wa shughuli za watu mtaani, harusi au hitima, alikuwa anakuja kuombwa asimamie pilau, na nimewahi kuona wanaume wazima wakinusa hewa ya uani kwake kama paka. Lakini kwake mwenyewe alipika ugali na dagaa, wali na maharage, mchicha, siku nyingine chai na mkate wa jana, kwa sababu kila kilichoweza kubaki kilikwenda Boko kikageuka saruji. Sahani zilikuwa za plastiki, zimekwaruzika hadi zikawa na manyoya. Nilipofika ilikuwa miezi ya joto, joto lile la Dar linalomfanya mtu ahisi amevaa ngozi ya mwenzake. Siku moja, jasho linanidondokea ndani ya mchuzi, nikasema kwa adabu zote, "Shemeji, lile feni si tungelitoa tu, joto likipungua tulirudishe?" Shemeji Hamza akatabasamu. Hakuwa mtu wa kufoka, laiti angekuwa mfokaji. "Lile la sebule ya Boko, shemeji. Ukishalitumia si jipya tena." Dada Eshe akachukua upawa, akaniongeza mchuzi, macho yake chini. Nililala nimejilowesha kanga maji, na feni liko hapo hapo karibu na kichwa changu, ndani ya boksi lake, na nje ya boksi pamechorwa mwanamke mzungu nywele zinapepea.

Nyumba ile haikuwa na dari. Kuta zilikwenda juu kisha zikakoma, na kati ya ukuta na bati palikuwa na uwazi ambao maneno ya watu yalipita watakavyo. Ulisikia Mama Chausiku wa chumba cha jirani akiwasomea wanawe mashairi ya ukali, ulisikia mtu akihesabu rakaa, ulisikia mwingine akikoroma. Kwa hiyo mazungumzo ya dada na shemeji niliyasikia yote bila kuyatafuta, na nakwambia kweli, hawakuwa watu wa kugombana. Mazungumzo yao yalikuwa ya milango. Mlango wa jikoni ufungukie ndani au nje. Dirisha la chumba cha watoto litazame mashariki ili jua la asubuhi liwaamshe. Bafu liwe na vigae vya bluu au vyeupe. Shemeji aliongea na sauti yake ikawa ya kijana, na dada Eshe aliitikia, "Nje, Hamza. Ufungukie nje." Mwanzoni nililala nikiwasikiliza kama hadithi. Baadaye nilianza kuziba masikio, maana mlango ule ulikwisha kujadiliwa mwezi uliopita na mwezi uliotangulia, na ukuta wa kuutilia haujajengwa.

Jumapili moja shemeji alinichukua nikakione hicho kiwanja. Boko ya wakati ule ilikuwa vichaka na mikorosho, nyumba moja huku, nyingine kule mbali, na mbuzi wa watu wanajilisha. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa kifua changu. Tulipofika penye uwazi wa mlango wa mbele, shemeji Hamza akasimama, akafuta viatu vyake kwenye jani la mnazi, huku na huku, ndipo akaingia. Ndani kulikuwa na mchanga mtupu na nyasi. Akanipitisha chumba kwa chumba, akiinua mguu kila penye kizingiti. "Hapa sebule. Hapa wageni. Hapa watoto wa kike, pale wa kiume. Na hiki chako shemeji, mpaka utakapoolewa." Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha vile. Alikuwa anaishi pale. Temeke alikuwa anakuja kulala tu. Tulipokaa juu ya matofali kunywa maji, aliniambia jambo ambalo dada Eshe hakuwahi kunisimulia. Alizaliwa nyumba ya kupanga, akakulia katika nyumba za kupanga, na akiwa mdogo mwenye nyumba mmoja aliwatolea vyombo nje mvua inanyesha. "Mama kaketi juu ya kinu," akasema, "katufunika na jamvi. Watu wanapita. Wengine wanasema pole, wengine wanapita tu. Nikasema, mtoto wangu hatayaona haya. Hatazaliwa chumba cha kupanga akalia watu wakagonga ukuta wakisema mnyamazisheni." Nilitamani asingeniambia. Mtu unayemkasirikia ni rahisi kumkasirikia kama hana sababu. Huyu alikuwa nayo, tena nzuri, na mie nikarudi na vumbi la Boko kwenye viatu na hasira isiyo na pa kuiweka.

Katikati ya mwaka rafiki yangu wa shule, Zawadi, akanipa habari kuwa ng'ambo ya Kigamboni kuna mahali wanafundisha ualimu wa chekechea, na wasichana wa kutoka mbali wanapewa pa kulala. Nilikuwa napenda watoto na nilikuwa nimechoka kufagia kuzunguka miguu ya meza. Nikamweleza shemeji baada ya chakula. Alinisikiliza vizuri, akafikiri. "Wazo zuri. Ila subiri kidogo. Tukihamia Boko tutakutafutia chuo cha maana, usiende kubahatisha. Sasa hivi akili yangu iko kwenye linta, lile zege la juu ya madirisha." Nikamwambia mafunzo yanaanza baada ya mfungo. Akasema, "Yataanza tena." Nikamtazama dada Eshe anitetee. Akasema, "Subiri kidogo mdogo wangu, shemeji yako anajua." Uani nilipokuwa nasugua sufuria, Mama Chausiku, ambaye kama sie wote alisikia kila kitu kupitia juu ya ukuta, akaniuliza, "Na wewe wamekutia kwenye nailoni?" Akacheka. Mie sikucheka. Nilisugua lile sufuria mpaka mkono ukauma.

Ilikuwa wiki chache baadaye, baada ya magharibi, mie natandika godoro, nikasikia kwa juu ya ukuta sauti ya dada Eshe ikisema kitu ambacho hakikuwa mlango wala dirisha. "Hamza, nimetimiza thelathini na tano." "Najua," shemeji akasema. "Mie sitaki kwenda tena kuchukua vidonge," dada akasema. "Tumekubaliana, Eshe. Tupaue tu. Tukishapaua tunahamia hata bila milango, halafu mambo mengine yafuate." Dada akasema, "Mama Chausiku kawazaa wote watatu humu humu." "Na wewe unataka kuwa Mama Chausiku?" Nilisimama na shuka mkononi. Mpaka siku ile nilidhani hawajajaliwa. Mtaa mzima ulidhani hivyo, na wanawake walimtazama tumbo dada Eshe kwa huruma akipita, naye alipokea huruma ile kimya akamfichia mumewe siri. Kumbe na mtoto naye alikuwa wa Boko. Kumbe na yeye alikuwa amewekwa pamoja na glasi.

Jumanne yenyewe ilianza kama siku zote. Shemeji alikwenda kazini. Dada Eshe akavaa baibui akaenda kliniki peke yake, akarudi kabla ya adhuhuri na nyama kwenye kikapu, nyama nyingi, na mchele mzuri, na bizari zote. Hakuvua baibui. Alisimama katikati ya ile sebule yetu akaitazama. Nikamuuliza, "Vipi, dada?" Akasema, "Nesi kaniuliza nasubiri nini. Mtoto mdogo, Mwaju, labda kakuzidi wewe miaka miwili. Kaniuliza tu, taratibu, mama, unasubiri nini? Mie mtu mzima nimekaa mbele yake nikatafuta jibu. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, tunapaua mwakani." Akavua baibui akalitupa juu ya makochi. Akaenda chumbani kwake akarudi na kisu cha jikoni. "Shika hapa," akaniambia, na akachana nailoni ya meza kutoka juu mpaka chini. Mlio wake sijausahau. Tuliibeba ile meza, nzito kama maiti, tukaisimamisha kwa miguu yake katikati ya chumba, tukasogeza makochi mpaka yakaziba dirisha nusu. Tukashusha viti. Nikafungua magazeti, nikaosha sahani, na maji ya kwanza yalitoka meusi kwa wino. Dada Eshe akafungua boksi la feni, akaliweka juu ya kabati, akalichomeka, na lilipoanza kuzunguka akasimama mbele yake amefumba macho, mikono ameinyanyua kidogo hewa impite kwapani. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaenda uani kupika pilau.

Mama Chausiku alialikwa, akaja amejifunga kanga mpya, akauliza sherehe ya nani, akaambiwa akae. Tulikaa kwenye viti vya Boko, mezani kwa Boko, na nilikuwa naogopa hata kuegemea. Shemeji Hamza alipotokea mlangoni viatu vilikuwa mkononi mwake, maana aliviacha daima koridoni, ila safari hii alisahau kuviweka chini. Aliangalia meza. Akaangalia feni. Akaangalia nailoni iliyokunjwa pembeni.

"Kuna mgeni?"

"Hakuna," dada Eshe akasema.

"Kuna nini leo?"

"Jumanne."

Hakuinua sauti. "Eshe, umefanya makusudi."

"Ndiyo," akasema dada, na alikuwa anampakulia. "Makusudi. Nimekula hapa miaka na miaka bila kukusudia. Nimelala bila kukusudia. Nimeamka sijui naamkia nini. Leo nimekusudia. Kaa ule na wenzio."

Mie nilikuwa nimekamata kijiko, roho juu, na ndani yangu nilikuwa naomba, kaa, shemeji, vuta kiti ukae, hutakufa. Nilidhani akikaa tu kila kitu kitageuka: nitakwenda Kigamboni, mtoto atakuja, Boko itajengwa polepole kama nyumba za watu wengine zinavyojengwa, na watu wenyewe huku wanaishi. Alikichukua kile chakula. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema ahsante. Kisha akavuka kizingiti akaingia chumbani kwao, akakaa chini mkekani, akala. Tulimsikia akila. Feni linazunguka. Mama Chausiku akasema pilau tamu, akamaliza haraka, akaaga. Dada Eshe alikula sahani yake yote, punje kwa punje, ameketi wima kama bibi harusi. Sikuwahi kula pilau nzuri kama ile na sikusikia ladha yake.

Tulipomaliza, shemeji alinawa, akaja. Akazima feni. Akalifuta mabawa kwa kitambaa, moja moja, akalirudisha kwenye boksi. Akaipangusa meza mara mbili, akainama akaitazama usawa wa jicho kama kuna mkwaruzo. Akaanza kuivika ile nailoni iliyochanika, na kwa kuwa ilichanika haikushika vizuri, ikawa inamponyoka. Na dada yangu, dada Eshe yule yule wa mchana, akainuka kwenye kiti, akakirudisha kiti juu ya kabati, akaenda kumshikia ncha ya kamba mpaka alipofunga fundo. Walifanya kazi ile kama watu waliozoeana sana. Nilitoka nikaenda uani kuosha zile sahani za udongo, nusura nizivunje zote. Alipokuja kuzisuuza nikamuuliza, "Dada, kwa nini umemshikia kamba?" Akafikiri. "Angefunga vibaya," akasema. "Ingekwaruza."

Nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote, nimesikia majibu ya kila namna, na hakuna lililowahi kunichosha kama lile. Asubuhi yake nilimwambia shemeji kwamba nakwenda Kigamboni, sisubiri. Nilitarajia maneno, na nilikuwa nimejiandalia ya kwangu, makali. Akasema, "Haya, shemeji, Mungu akutangulie. Chumba chako Boko kipo palepale." Akanifungia godoro langu kwa kamba ile ile. Dada Eshe alinisindikiza mpaka kwenye pantoni. Njiani nikamwambia tuondoke wote, hata kwa mwezi mmoja, amtie adabu. Akaniambia, "Wewe nenda. Wewe ndiyo wa kwenda." Nikavuka. Nilikaa juu nikiitazama kanga yake pale ukingoni Magogoni, na sikumhurumia. Nilimkasirikia, nikawakasirikia wote wawili, na hasira ile ndiyo iliyonisomesha, ndiyo iliyonipeleka darasani kila asubuhi. Hata nilipoolewa nilimwambia mume wangu siku ya kwanza, hapa kwetu sahani nzuri ndizo za kulia.

Walipaua. Ilichukua miaka mingi kuliko alivyosema, lakini alipaua, na walipohamia mie nilikuwa na Nasra mgongoni. Dada Eshe alikuwa ameshapita arobaini. Walihangaika, hospitali hii na ile, kwa mganga Bagamoyo, kwa shehe Mbagala. Mtoto hakuja. Nilikwenda kuwatembelea kila ilipowezekana, na kila nilipokwenda kulikuwa na kitu kingine kinachosubiriwa: ukuta wa uzio, kisha geti, kisha banda la uani, kisha vigae vya barazani. Makochi yalikuwa sebuleni, bado yamevikwa nailoni mpya, ya wageni wa heshima. Tulikula jikoni. Niliwahi kumuuliza shemeji, kwa utani wenye mwiba, "Sasa tumefika Boko, shemeji, au bado?" Akacheka sana. "Bado kidogo," akasema. Na sijui, labda nimemwonea maisha yote. Labda kwake yeye ule ulikuwa ndio uhai wenyewe, kusimama penye mlango ambao haujawekwa mlango. Nasra angemsifu. Lakini mtu hukusudii peke yako katika ndoa, na aliyelilipia lile kusudi kwa mwili wake hakuwa yeye.

Juzi eda ilipokwisha nilikwenda kumwona dada. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo, miwani puani, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Wadogo zake shemeji walikuwa wametangulia kufika wakaondoka, akaniambia. Wanataka kiitwe kikao cha ukoo kuhusu nyumba, lakini siyo sasa, mvua zikiisha. Damu ikanipanda. Nikasema hapa kila kitu ni mvua zikiisha, tukipaua, tukimaliza, mpaka lini, na wewe utakaa humu peke yako na mapopo mpaka waamue? Akaniacha niseme yote. Akapuliza kapi. "Kuna walimu wawili wa shule ya hapo jirani," akasema, "walikuwa wanatafuta vyumba. Nimewaambia waje Jumatatu."

"Na kikao?"

"Kikao kitawakuta wameshazoea."

Ningepaswa kufurahi. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtingisha mabega, nimuulize ulikuwa wapi, dada, ulikuwa wapi miaka yote hii, kama ulikuwa unalijua hili. Badala yake nikamuuliza swali ambalo nililibeba tangu nilipovuka na pantoni, na sikujua kama nina haki ya kuliuliza. Nikamuuliza kama shemeji aliwahi kusema lolote. Kuhusu mtoto. Kuhusu zile siku za Temeke.

Aliendelea kuchambua.

"Alisema," akasema. "Hospitali, wiki ile ya mwisho. Nilikuwa namlisha. Akaushika mkono wangu, akasema, Eshe, nilikukosea. Tungezaa kule kule."

Nikasogea karibu yake. "Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, haya."

"Haya tu? Dada, miaka yote hiyo, ukamwambia haya?"

Akauweka ungo chini, akanitazama juu ya miwani kama mtu anayejaribu kuelewa shida yangu hasa ni nini.

"Ulitaka nimwambie nini, Mwaju?" akasema. "Uji ulikuwa unapoa."